Anthony Allison: daktari aliyesoma siri ya malaria katika damu ya Wapwani

Masika yanapoingia, kutoka Vanga na Lungalunga hadi Msambweni, Ukunda na Tiwi, madimbwi hujaa maji, mbu huzaana na vituo vya afya hufurika watoto wenye homa. Hilo tumelizoea tangu enzi za mababu. Lakini katika nyumba hizo hizo kuna ugonjwa mwingine ambao watu huuzungumza kwa kunong'ona. Ni ule wa mtoto ambaye vidole humvimba angali mchanga, macho humgeuka manjano, viungo humuuma usiku kucha na kila baada ya muda lazima aongezwe damu. Hospitalini huitwa siko seli. Ndugu zetu wa Tanzania wameupa jina zuri zaidi, selimundu. Mitaani wapo wanaosema ni jini, na wapo wanaosema ni damu mbaya iliyotoka kwa kina mama mtu.

Magonjwa haya mawili, malaria na siko seli, yamefungwa kwenye fundo moja. Aliyelifungua fundo hilo kwa ushahidi ni Dkt Anthony Allison, kijana aliyekulia hapa Kenya, na dokezo lake la kwanza alilipata katika damu ya watu wa pwani yetu na wale wa kandokando ya Ziwa Victoria. Ni zaidi ya miaka kumi sasa tangu afariki. Kazi yake inafundishwa katika vitabu vya bayolojia dunia nzima, na mwanafunzi wa kidato cha nne pale Matuga au Kinango huisoma kwa ajili ya mtihani. Wazazi wa mwanafunzi huyo, ambao habari hii inawahusu zaidi, wengi wao hawajawahi kulisikia jina lake. Leo tumtazame mtu huyu, alikotoka, alichokifanya na alichotuachia.

Mtoto wa Bonde la Ufa

Allison alizaliwa mwaka 1925 nchini Afrika Kusini, lakini utoto wake aliupitisha Kenya. Wazazi wake walikuwa walowezi wa Kizungu wenye shamba upande wa Gilgil, mahali panapotazama Ziwa Elmenteita. Ni nyanda za juu, za baridi, na ndege wa kila aina hutua ziwani. Kijana huyo aliyapenda maumbile mapema, na swali la kwa nini viumbe hutofautiana mahali hadi mahali lilimkaa kichwani tangu hapo.

Masomo ya chuo aliyaanzia Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Huko alikuwapo profesa wa anatomia Raymond Dart, yule aliyetangaza mwaka 1925 fuvu la kale la mtoto wa Taung na kuwaambia wazungu wenzake kwamba asili ya binadamu itafutwe Afrika. Baada ya hapo Allison alivuka bahari kwenda Oxford, Uingereza, kusomea udaktari.

Alipokuwa Oxford, sayansi ya jeni ilikuwa ikipiga hatua kubwa. Watafiti walikuwa wamegundua kwamba makundi ya damu, yale ya A, B na O, hayagawanyiki sawa duniani. Jamii moja ina A nyingi, nyingine ina B nyingi. Ukipima watu wa kutosha unaweza kuchora ramani, na ramani hiyo ikakueleza habari za uhamaji na ujamaa wa mataifa. Elimu hii ya kuchunguza jeni za jamii nzima, badala ya mtu mmoja mmoja, ndiyo iliyokuja kuwa kazi ya Allison.

Safari ya mwaka 1949

Mwaka 1949 Chuo Kikuu cha Oxford kilituma msafara Mlima Kenya. Allison, akiwa bado mwanafunzi, alijiunga nao. Wenzake walishughulika na mimea na wadudu. Yeye alichagua damu. Alizunguka sehemu mbalimbali za Kenya akikusanya sampuli kutoka kwa watu wa makabila tofauti, kwa ushirikiano na Arthur Mourant, bingwa wa makundi ya damu aliyekuwa Uingereza.

Pamoja na makundi ya damu, aliongeza kipimo kimoja zaidi. Alitaka kujua ni nani ana chembe za damu zinazopinda. Kipimo chenyewe ni chepesi. Unachukua tone la damu, unalichanganya na kemikali inayoondoa oksijeni, unaliweka chini ya kioo, kisha unatazama kwa hadubini. Chembe nyekundu za kawaida ni za mviringo. Zenye hitilafu hii hujipinda zikawa kama mundu wa kukatia mpunga, au kama hilali ya mwezi mwandamo.

Hali hiyo ilishajulikana na madaktari. Mwaka 1910 James Herrick wa Chicago aliieleza kwa mara ya kwanza katika jarida la kitabibu, baada ya kumtibu kijana mmoja kutoka kisiwa cha Grenada. Na mwaka huo huo wa 1949 mambo mawili makubwa yalithibitishwa Marekani. James Neel alionyesha kwamba ugonjwa huu hurithiwa. Mtoto akipata jeni ya siko seli kwa baba na kwa mama, huugua. Akiipata kwa mzazi mmoja tu, huibeba bila kuugua. Naye Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hitilafu iko kwenye himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya damu.

Kwa hiyo kijana wa Gilgil hakuwa akitafuta ugonjwa mpya. Kilichomshangaza ni hesabu. Miongoni mwa watu wanaoishi karibu na pwani ya Kenya, na wanaoishi karibu na Ziwa Victoria, zaidi ya asilimia 20 walikuwa na jeni hiyo. Yaani katika kila watu watano, angalau mmoja. Kwa watu wa katikati, wale wa nyanda za juu na wale wa maeneo makavu, ilikuwa chini ya asilimia 1.

Fumbo la jeni inayoua

Hapa ndipo akili ya Allison ilipofanya kazi. Wakati ule mtoto wa Kiafrika aliyezaliwa na siko seli kamili alikuwa na nafasi ndogo mno ya kuufikia utu uzima. Wengi walifariki wakiwa wadogo, bila kuacha kizazi. Kila mtoto aliyefariki aliondoka na jeni mbili za siko seli. Sasa ikiwa kila kizazi kinapoteza jeni hizi makaburini, zingepaswa kupungua na kupungua mpaka zikaribie kwisha. Mbona pwani na ziwani zimejaa kiasi hiki?

Ni kama kisima kinachotobolewa kila siku lakini maji yake hayapungui. Lazima kuna mahali yanapoingia.

Allison alijiuliza kuna nini pwani na ziwani ambacho hakipo Gilgil wala Nyeri. Makabila hayo hayafanani kwa asili. Mpwani ni Mbantu, anazungumza lugha ya Kibantu. Mjaluo wa ziwani ni wa asili nyingine kabisa, na lugha yake ni ya Kiniloti. Kwa hivyo si suala la ukoo mmoja uliotawanyika. Jambo linalowaunganisha ni joto, maji na mbu. Pwani na ziwani palikuwa na malaria kali karibu mwaka mzima. Nyanda za juu, mbu wa malaria walikuwa wachache.

Jibu alilolifikia lilikuwa hili. Aliyerithi jeni moja tu ya siko seli, yule mbebaji asiyeugua, huenda ana kinga fulani dhidi ya malaria. Watoto wasio na jeni hiyo hufa zaidi kwa malaria. Wenye jeni mbili hufa kwa siko seli. Wa katikati, mwenye jeni moja, huponea pande zote mbili, hukua, huoa au huolewa, na kuipitisha jeni kwa watoto wake. Ndiyo maana kisima hakikauki.

Mwaka huo huo mwanasayansi maarufu wa Uingereza, J.B.S. Haldane, alitoa wazo la aina hiyo kuhusu thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu unaopatikana sana kwenye nchi za Bahari ya Mediterania. Naye daktari E.A. Beet aliyekuwa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, alikwishaona katika miaka ya 1940 kwamba wenye chembe za mundu walikuwa na vimelea vichache vya malaria. Lakini wazo ni wazo. Allison alijua kwamba bila vipimo hakuna atakayemwamini. Alirudi Oxford, akamaliza udaktari wake, na mwaka 1953 akarejea Afrika Mashariki.

Wanaume thelathini

Jaribio lake la kwanza ndilo gumu kulisimulia leo. Alichukua wanaume 30 Wajaluo waliojitolea. Walikuwa wameishi kwa muda mrefu nje ya maeneo yenye malaria, kwa hiyo kinga yao ya kawaida ilikuwa imepungua. Kumi na tano kati yao walikuwa wabebaji wa jeni ya siko seli, na kumi na tano hawakuwa nayo. Wote waliingizwa vimelea vya malaria kwa makusudi, kisha damu yao ikawa inapimwa siku baada ya siku. Mwishoni walipewa dawa.

Matokeo yalikuwa wazi. Katika wale 15 wasio na jeni, 14 walipatwa na malaria. Katika wale 15 wenye jeni moja, ni wawili tu walioipata.

Ndugu msomaji, hapa hatuwezi kupita bila kusimama. Ulikuwa mwaka 1953, Kenya ikiwa koloni chini ya sheria za hali ya hatari zilizotangazwa mwaka mmoja kabla. Mwafrika kumwambia daktari wa Kizungu hapana halikuwa jambo jepesi. Jaribio kama lile leo lisingepita kwenye kamati ya maadili bila maswali mengi, kuhusu ni nini walielezwa, walilipwa nini na wangelindwaje kama mmoja angezidiwa. Majaribio ya kumwambukiza mtu malaria kwa hiari yake yapo hata leo, lakini hufanywa kwa masharti makali na maelezo ya maandishi. Majina ya wanaume wale hayatajwi vitabuni, ilhali miili yao ndiyo iliyobeba ushahidi. Kumheshimu Allison hakutuzuii kuwakumbuka.

Jaribio la pili halikumwambukiza mtu yeyote. Allison alikwenda Uganda, akapima watoto 290 wa Kiganda waliokuwa wakiishi kwenye malaria yao ya kila siku. Watoto 43 walikuwa wabebaji. Kati yao 12, sawa na asilimia 28 hivi, walikuwa na vimelea damuni. Kwa wale 247 wasio na jeni, 113 walikuwa na vimelea, karibu asilimia 46. Tofauti ilionekana tena, safari hii kwa watoto, ambao ndio malaria huwaua zaidi.

Kisha akapanua ramani. Alipima karibu watu 5,000 wa makabila mengi ya Kenya, Uganda na Tanganyika, akalinganisha wingi wa jeni na wingi wa malaria. Penye malaria kali ya kudumu, jeni ilikuwa nyingi. Pasipo na malaria, jeni ilikuwa haba au haipo kabisa. Mwaka 1954 alichapisha matokeo haya yote. Alikuwa hajatimiza miaka 30.

Wengi hulitaja jambo hili kama mara ya kwanza kwa wanasayansi kuonyesha, kwa binadamu wa leo, namna mazingira yanavyochuja jeni zipi zidumu na zipi zipotee. Neno hilo la mchujo wa maumbile huwatia wasiwasi baadhi yetu wenye imani. Lakini tukitazama kilichopimwa hapa, ni watoto, mbu na damu. Anayeamini kwamba kila ugonjwa una hekima nyuma yake hana sababu ya kuukimbia ushahidi huu.

Waliompinga

Si wote waliokubali mara moja. Mwaka 1955 watafiti wa Marekani walirudia jaribio la kuwaambukiza watu wazima malaria na hawakuona tofauti ile ya Allison. Kampala, Dkt Alan Raper, ambaye pamoja na Hermann Lehmann alikwishapima siko seli kwa makabila ya Uganda, alitazama watoto waliolazwa hospitalini. Akaona kwamba faida ya jeni hii haipo katika kumzuia mtu asipate vimelea. Ipo katika kumzuia asifikie malaria kali, ile ya kuweweseka, degedege na kupoteza fahamu.

Muda umempa haki Raper katika hilo, na umempa haki Allison katika jambo kubwa. Mbebaji wa jeni huambukizwa malaria kama sisi wengine, na anaweza kuugua homa. Lakini ni nadra malaria kumuua. Ushahidi thabiti kuliko wote ulipatikana pwani hii hii yetu. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust pale Kilifi, wakiongozwa na Thomas Williams, waliwafuatilia watoto kwa muda na kutoa matokeo mwaka 2005. Jeni moja ya siko seli ilipunguza malaria ya kawaida kwa takriban nusu, ikapunguza kulazwa hospitalini kwa malaria kwa robo tatu, na malaria kali kwa karibu asilimia 90. Hakuna chanjo ya malaria tuliyo nayo hadi leo inayofikia kiwango hicho.

Allison mwenyewe hakusimama kwenye siko seli. Mapema miaka ya 1960, akiwa na Dkt David Clyde aliyekuwa Tanganyika, alichunguza hitilafu nyingine ya kurithi ya chembe nyekundu, upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, akaona dalili kwamba nayo huhusiana na kinga dhidi ya malaria. Leo tunajua damu ya watu wa maeneo ya malaria imejaa alama za vita hivi vya karne nyingi, siko seli ikiwa moja tu kati yake.

Kutoka damu ya Pwani hadi figo ya kupandikizwa

Baada ya mwaka 1954 Allison alikwenda Marekani kufanya kazi kwa muda na Linus Pauling, kisha akarudi Uingereza. Kwa miaka mingi alikuwa katika taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba pale Mill Hill, London, na baadaye kituo cha utafiti huko Harrow. Taratibu aliacha ramani za makabila na kuingia kwenye elimu ya kinga ya mwili.

Mwaka 1978 alirudi Kenya kuwa mkurugenzi wa ILRAD, maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo iliyokuwa Kabete, Nairobi, ambayo baadaye iliunganishwa na kuwa sehemu ya ILRI. Maabara hiyo ilishughulikia nagana, inayoenezwa na mbung'o, na ndigana, inayoletwa na kupe. Mfugaji wa Shimba Hills au Kinango hahitaji kuelezwa uzito wa magonjwa hayo. Allison alikaa hapo hadi mwaka 1980.

Kisha akahamia California, kwenye kampuni ya dawa ya Syntex, pamoja na mkewe Elsie Eugui, naye mtafiti wa kinga ya mwili. Huko walifanya kazi ambayo pengine imeokoa watu wengi zaidi, na njia waliyopita ni ile ile ya mwaka 1949, ya kusoma jeni ili kuelewa mwili. Wapo watoto wachache wanaozaliwa wakikosa kimeng'enya kimoja, na kwa sababu hiyo chembe nyeupe zao za kinga hazistawi, ingawa viungo vingine hufanya kazi. Kutokana na hali kama hiyo, Allison na Eugui walifikiri hivi. Ikiwa upungufu wa aina fulani wa kimeng'enya huzima kinga peke yake, basi dawa inayozuia njia hiyo ya mwili inaweza kumsaidia mtu aliyepandikizwa figo, ambaye kinga yake inataka kuishambulia figo ngeni.

Walitafuta wakaikuta kemikali ya zamani itokanayo na kuvu, iliyogunduliwa na Mtaliano Bartolomeo Gosio mwaka 1893. Wakaiboresha ikawa dawa ya mycophenolate mofetil. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha itumiwe kwa waliopandikizwa figo. Leo inatumika duniani kote, Kenya ikiwemo, na pia kwa baadhi ya wagonjwa ambao kinga zao huwashambulia wenyewe.

Anthony Allison alifariki California mwezi Februari 2014 akiwa na umri wa miaka 88. Tuzo ya Nobel hakuipata.

Alichotuachia sisi wa Kwale

Maisha haya yana mambo matatu ambayo sisi watu wa pwani ya kusini hatupaswi kuyaacha yaende.

La kwanza, siko seli si aibu ya ukoo wala si alama ya rangi. Jeni hii iko kwetu, iko Ugiriki, iko Sicilia, iko India, iko Oman na mashariki ya Saudi Arabia. Imefuata mbu. Babu zetu walioibeba ndio walionusurika na malaria iliyowaua ndugu zao, na bila wao pengine wengi wetu tusingezaliwa. Na haitoki upande wa mama peke yake. Mtoto hawezi kuugua mpaka aipate kwa baba na kwa mama. Mavyaa anayemfukuza mke wa mwanawe kwa sababu wajukuu ni wagonjwa, ajue kwamba nusu ya ugonjwa huo imepita kwake au kwa mumewe. Ndoa zinavunjika kila siku kwa kutojua jambo hili dogo, na anayebaki na mtoto mgonjwa mgongoni ni mwanamke.

La pili ni hesabu ya posa. Tuchukue mahali ambapo mtu mmoja kati ya watano ni mbebaji, kama alivyokuta Allison. Ukiwakutanisha mume na mke bila kuangalia, katika ndoa 25 kutakuwa na moja ambayo wote wawili ni wabebaji. Katika ndoa hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Kwa jumla ni mtoto mmoja katika kila mia. Ikiwa wanaooana ni mtu na binamu yake, kama desturi yetu nyingi ilivyo, na jeni imo katika ukoo, nafasi hupanda, kwa kuwa wote wawili wanaweza kuipokea kwa babu au bibi mmoja. Dini imeruhusu kumuoa binti ami, na hakuna anayesema iwe haramu. Kinachotakiwa ni kujua kabla.

Nchi za Kiislamu zimeshalifikia hilo. Saudi Arabia na Bahrain, tangu mwaka 2004, zimeweka kipimo cha siko seli na thalasemia kuwa lazima kabla ya nikahi. Saudia, matokeo yakionyesha hatari, wachumba huelezwa, kisha uamuzi unabaki kwao. Kwetu jambo limeachwa kwa hiari ya familia, na familia nyingi hazijui hata la kuuliza. Tunapeleka mahari, tunaita maulidi, tunapima nguo za bibi harusi, lakini tone la damu halipimwi. Makadhi, maimamu na masomo wanaofunda wari wana nafasi ya kulisema hili kuliko daktari yeyote. Anayetaka kupima aulize hospitali ya rufaa pale Msambweni, au kituo kikubwa kilicho karibu naye, kipimo cha aina ya himoglobini. Majibu yakisema AA, huna jeni. AS, unabeba lakini huumwi. SS, ni ugonjwa wenyewe.

Na mtoto wa SS asihesabiwe marehemu. Zamani za Allison hakukuwa na matumaini makubwa. Siku hizi kuna dawa za kuzuia maambukizi na malaria, kuna chanjo, na kuna dawa ya haidroksiyurea. Utafiti uliofanyika katika nchi nne za Afrika, Kilifi ikiwa miongoni mwa vituo vyake, ulichapishwa mwaka 2019 na ukaonyesha kwamba dawa hiyo hupunguza maumivu, malaria na vifo vya watoto hawa. Tatizo lililobaki ni bei, upatikanaji na mzazi kugundua mapema. Hapo wawakilishi wetu wa kaunti wana swali la kujibu kila bajeti inaposomwa.

Kuna jambo hapa ambalo wachache hulifikiria. Kwa vyandarua na dawa bora, malaria pwani imepungua sana kuliko ilivyokuwa miaka ya 1950. Ni neema. Lakini malaria ikipungua, ile faida ya kubeba jeni moja hupungua nayo, ilhali madhara ya jeni mbili yanabaki pale pale. Jeni haitatoweka kwa kizazi kimoja wala viwili. Wajukuu wetu watarithi mzigo bila kupata ile kinga iliyoulipia.

La tatu ni damu tunayotoa. Kutoka mwaka 1949 hadi leo watafiti wamekuja pwani hii, Kilifi, Kwale, Msambweni, wakachukua damu, mkojo na mate yetu. Mengi ya manufaa yametoka humo, na ni makosa kuwaona wote kama wanyonyaji. Lakini matokeo ya Allison yalifika London na Oxford mapema, na kijijini bado hayajafika vizuri baada ya zaidi ya miaka 70. Mtafiti atakayebisha hodi kesho tumkaribishe, tumuulize anataka nini, na kabla ya kunyoosha mkono tupatane naye ni lini atarudi barazani kutueleza alichokiona, kwa Kiswahili au Kidigo, mbele ya wazee na kina mama wote.